Mvungunya Uliokataa Kuzaa

Mwezi uliopita gurudumu la gari la mwanangu lilipasuka kwenye barabara ya vumbi, kabla hatujafika Kisoko. Yeye alishuka kutafuta jeki, mimi nikashuka kunyoosha miguu, na kabla sijaona chochote nikanusa. Ilikuwa harufu nzito, kama maziwa yaliyochacha yakamwagikia ngozi mbichi ya mbuzi. Mwanangu aliziba pua. Mimi niliivuta tena harufu ile.

"Kuna mvungunya hapa karibu," nikamwambia, "na umechanua."

Akaniuliza nimejuaje. Sikuweza kumjibu pale barabarani, kwani jibu lake ni refu. Ninaliandika hapa kwa ajili ya watu wa rika langu, tuliokwenda shule na kibao na chaki, tunaoikumbuka nchi ile kabla mikaratusi haijaijaza.

Nyumbani kwetu palikuwa Kisoko, upande wa Tororo, mahali ambapo pamba ilianzia nyuma ya jiko na kwenda mpaka kwenye mafunjo ya bondeni. Baba alikuwa mpasua mbao. Yeye na mdogo wake walikuwa na ule msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine ndani ya shimo, na baba alirudi nyumbani na unga wa mbao hata kwenye nyusi. Mama hakuwa mtu wa pale. Baba alimtoa Dabani, kwa Wasamia, na alipoletwa hakujua neno la Kipadhola, lugha yetu. Nyanya, mama mzazi wa baba, hakujua Kisamia. Kwa hiyo wanawake hao wawili waliishi kwenye ua mmoja wakizungumza Kiswahili cha sokoni, kile cha kuuliza bei ya chumvi na kukataa samaki aliyeharibika. Mama alikizungumza vizuri kwa sababu alikulia karibu na mpaka wa Busia. Nyanya alikuwa na maneno machache tu, na aliyatumia kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mambo mengi mazito yalipita kati yao kwa maneno hayo machache, na mengi zaidi hayakupita.

Mvungunya ulisimama kwenye ncha ya ua, mahali shamba linapoanza kuteremka bondeni. Sisi tuliuita yago. Wale ambao hawajauona, fikirieni mti mnene ambao matunda yake hayashiki kwenye matawi, bali yananing'inia kwa kamba ndefu, kila moja kubwa kama mchi wa kutwangia, zito kiasi kwamba tulikatazwa kucheza chini yake. Maua pia yananing'inia kwa kamba, mekundu ya damu iliyokauka, na ndani yake mna ute. Huchanua jioni na kudondoka asubuhi. Nyanya aliparua gome lake na kulichemsha kwa ajili ya majipu. Tunda alilikata vipande akavikausha juu ya moto, na mwanamke aliyevimba matiti baada ya kujifungua alikuja kwetu kutoka mbali kuomba kipande kimoja. Bwana shamba alipokuja kuwaambia watu wang'oe miti ya porini waongeze pamba, Nyanya alimkaribisha, akampa kiti na uji, kisha akamwambia kupitia kwa baba kwamba pamba anaweza kuipanda popote, lakini yago inaota pale inapotaka yenyewe. Mti ukabaki.

Baba alipotea majira ya upepo. Alikuwa amekwenda na mafundi wengine kuezeka kanisa dogo kisiwani Sigulu, katikati ya ziwa, na mtumbwi waliorudi nao ukaonekana kwenye ufuko wa Majanji ukiwa umepinduka. Watu wa ziwa walitafuta. Miili minne ilipatikana, ikatambuliwa, ikachukuliwa na wenyewe. Wa baba haukupatikana. Baba mdogo alikaa kule ufukweni siku nyingi, akarudi na koti ambalo baba alikuwa ameliacha kisiwani kwa sababu ya joto. Hicho ndicho kitu pekee kilichorudi.

Sasa, kwa ukoo wetu, mtu asiye na mwili haachwi hivi hivi. Huchumwa tunda la yago, likaoshwa, likavishwa, likalazwa kaburini badala yake, na kuanzia hapo watu wanaweza kulia, kunyoa na kuendelea. Wazee walikaa, wakauliza lini. Nyanya akasema neno moja ambalo lilitufunga sote. Alisema yago itakayomzika mwanawe lazima itoke kwenye mti wa nyumbani, ule aliochezea chini yake alipokuwa mtoto.

Wakageuka wote kuutazama. Ulikuwa umechanua kwelikweli, lakini juu hapakuwa na tunda hata moja. La mwisho lilikuwa limekwisha kukatwa kwa ajili ya dawa.

"Basi tungoje," Nyanya akasema. "Ukizaa, tutamzika."

Nilikuwa karibu, nimejibanza kwenye kiambaza cha jiko, na nadhani nilikuwa na miaka minane. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio ya mtoto. Kama mti ukizaa baba atazikwa, basi usipozaa hazikwi. Na mtu ambaye hajazikwa bado yuko mahali fulani, amekaa tu, ananyoosha miguu, hajui njia ya kurudi. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliijenga hesabu hiyo peke yangu, na nilipoimaliza nikajua kazi yangu.

Kila asubuhi nilitoka kabla ya wengine kuamka. Nilikwenda chini ya mvungunya nikaokota maua yote yaliyodondoka. Nilidhani yakikaa chini yatapata nguvu ya kugeuka matunda, kama mbegu inavyopata nguvu kwenye udongo, kisha kwa namna fulani yapande tena kwenye kamba zake. Niliyabeba kwenye gauni nikayatupa kwa mbuzi, ambao waliyala kwa furaha. Yale yaliyoning'inia chini niliyapiga kwa fimbo. Mikono yangu ilinuka ute ule siku nzima. Shuleni mwenzangu wa dawati alisogea mbali nami, na mwalimu akanituma nikanawe mara mbili. Nilinawa, lakini asubuhi iliyofuata nikarudi tena.

Mti ukachanua msimu mzima na haukuzaa. Nikaona dawa yangu inafanya kazi.

Ila nilianza pia kuona ilivyomfanya mama. Alikuwa mke wa mtu ambaye hayupo wala hajafa. Hakuweza kunyoa nywele, na hakuweza kuzichana. Zilimkaa kichwani kama kichaka. Hakuweza kupanda mbegu ya kwanza. Hakuweza kulala nje ya ua ule hata siku moja. Nyumba yetu ilivuja, lakini kupanda juu ya paa la mwanamke ni kazi ya mumewe, au ya mtu aliyekabidhiwa nafasi ya mumewe, na nafasi hiyo haikuwa wazi. Baba mdogo alisimama uani akatazama nyasi zilizooza, mikono nyuma, akaondoka. Mvua iliponyesha mama alisukuma kitanda kutoka kona hii hadi ile, na sufuria zote tulizokuwa nazo zilikuwa sakafuni zikilia. Alikuwa mwanamke aliyependa kucheka. Ninakumbuka siku niliyogundua kwamba sijasikia kicheko chake tangu pamba ya mwaka uliopita. Nilijua mimi ndiye niliyekizuia. Nilikuwa na baba mkono huu na mama mkono ule, na sikuweza kufungua mmoja bila kuangusha aliye ndani.

Msimu wa pili wa maua ulipofika, kukaja habari kwamba babu yangu wa Dabani, baba yake mama, ni mgonjwa. Mama alikwenda kwa Nyanya, akapiga magoti kama ilivyo heshima.

"Mama, baba yangu mgonjwa sana. Naomba ruhusa ya siku tatu."

"Wewe nalala wapi?" Nyanya akauliza.

"Kwa baba yangu."

"Bibi ya mtu hajazikwa hapana lala nje. Wewe nakwenda asubuhi, narudi jioni."

"Dabani si karibu, mama. Jioni nitakuwa bado niko njiani kwenda."

Nyanya alitazama bondeni. "Basi ngoja yago," akasema.

Mama akainuka, akapangusa vumbi. Baadaye aliniita. Baba mdogo alikuwa amepata nafasi kwenye lori la pamba lililokuwa likielekea Busia, na alikubali kunichukua nikamwone babu kwa niaba ya mama. "Utamwambia nimekutuma," mama aliniambia. "Utakaa naye siku mbili. Utamshika mkono. Ukimshika wewe ni kama nimemshika mimi."

Siku mbili. Asubuhi mbili bila mtu wa kuokota maua. Nilimfikiria baba kule alikokaa akinyoosha miguu, kisha nikaona tunda likishuka kwenye kamba yake pole pole.

Nikasema tumbo linaniuma.

Mama aliniwekea mkono tumboni, akanitazama usoni. Alijua nasema uongo, mama hujua. Ila alidhani naogopa mgonjwa. "Sawa," akasema. Lori likapita barabarani na vumbi lake likatufikia uani, na mimi sikuwamo.

Babu alikufa katika juma hilo hilo. Habari ililetwa na kijana mmoja wa baiskeli, mmoja wa wale waliobeba watu kuvuka mpaka pale Busia, na alikuwa amechoka hata hakuweza kushuka sawasawa. Alimwambia mama kwa Kisamia, na mama hakulia. Nyanya alikuwa amekwisha kumwambia siku nyingi kwamba kilio cha mtu mwingine hakitangulii kilio cha mwenye nyumba. Mama alimpa kijana maji. Akakaa chini, mgongo ukiegemea nguzo ya jiko, viganja vikitazama juu kwenye mapaja kama mtu aliyewekewa kitu na kukisahau. Sijawahi kumwona mtu aliyefungwa zaidi ya mama yangu siku ile, na hapakuwa na kamba wala mlango.

Kesho yake asubuhi hakuwepo.

Nyanya aliuzunguka ua, akachungulia kwenye nyumba, akaona kitanda kimetandikwa na kanga moja haipo. Hakupiga kelele. Baba mdogo alisema amfuate kwa baiskeli amrudishe, naye akajibu, "Mwache," kisha akaingia jikoni akawasha moto ambao hakupikia kitu. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mama hatarudi tena, kwamba amekimbia nyumba inayovuja na tumbo langu la uongo. Siku ya tatu sikwenda shule. Nilikwenda chini ya mvungunya, nikakaa katikati ya maua bila kuyaokota, na Nyanya akanikuta hapo.

Mimi na yeye tulizungumza Kipadhola, na katika Kipadhola Nyanya alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye maneno mengi kuliko mtu yeyote niliyemjua.

"Kwa nini unakaa kwenye uchafu?" akaniuliza.

"Ni mimi, Nyanya."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi ninayeiba maua. Kila siku. Mti hauzai kwa sababu yangu. Sikutaka baba azikwe."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, Nyanya alikuwa ameinama, ameokota ua moja, analigeuza geuza kiganjani.

"Hili?" akasema. "Mtoto wangu, hili hudondoka lenyewe. Lilikuwa likidondoka kabla hujazaliwa, na kabla sijaolewa hapa. Ua la yago huishi usiku mmoja tu. Lililodondoka halikuzuia kitu na halikuleta kitu."

"Basi kwa nini mti hauzai?"

Alikaa kando yangu, chini, jambo ambalo mwili wake haukulipenda siku hizo. Akanionyesha kwa mdomo upande wa pili wa shamba, pale palipokuwa na kisiki kipana kuliko kitanda. "Unakumbuka pale?"

Nilikumbuka. Palikuwa na mvule ambao watu wanne hawakuweza kuukumbatia. Baba na mdogo wake walikuwa wameuangusha, mwaka mmoja kabla ya safari ya Sigulu, na siku ile nilipanda juu ya shina lililolala nikatembea kutoka mwisho hadi mwisho kama niko barabarani.

"Ndani ya mvule ule walilala popo," Nyanya akasema. "Wale wakubwa, wenye uso wa mbwa. Jioni walitoka kama moshi, na mahali pa kwanza walipopita ni hapa. Walikunywa ndani ya maua haya. Popo ndiye mume wa yago. Ua lililotembelewa na popo huacha tunda nyuma, lisilotembelewa hudondoka bure. Baba yako alipoleta msumeno nilimwambia. Alicheka. Alisema, mama, popo wana mabawa, watatafuta kwingine. Na kweli walitafuta kwingine."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu, nilisimama mbele ya darasa nikachora ua ubaoni, nikaeleza habari ya chavua na jinsi ua la mvungunya linavyohitaji chavua ya mti mwingine iliyobebwa kwenye manyoya ya popo, na jinsi miti ya namna hiyo hufa bila warithi mnyama wake anapoondoka. Wanafunzi waliandika. Hakuna nilichowaambia ambacho Nyanya hakuwa ameniambia akiwa amekaa chini, na ua likimchafua kiganja.

Ila siku ile nilikuwa na miaka tisa tu, na nilifuata hesabu mpaka mwisho wake.

"Kwa hiyo ulijua hautazaa."

Aliendelea kuligeuza ua kiganjani.

"Nyanya. Ulijua tangu siku ile ya wazee?"

"Nilijua."

"Basi tulikuwa tunangoja nini?"

Alifunika macho kwa mkono ule ule uliokuwa na ua, na ute ukamshuka kwenye shavu. Nilidhani anajificha jua. Kisha nikaona mabega yake. "Wewe uliiba maua," akasema. "Mimi niliweka sharti. Tumefanya kazi moja mimi na wewe, na mama yako ndiye aliyelipa."

Tulikuwa bado tumekaa hapo jua lilipofika katikati, na mama akaja.

Tulimwona kwanza kama mtu tusiyemfahamu, akipanda njia ya kutoka barabarani, hatua fupi fupi, shingo imenyooka. Kichwani alikuwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa kanga. Miguu yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. Hakuingia nyumbani kwake. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Nyanya, na Nyanya akainuka kwa kushika bega langu.

"Mama," mama akasema, "nimemleta mume wangu. Amechoka na njia."

Nyanya aliitazama kanga. "Hii natoka wapi?"

"Dabani. Kando ya kijito cha kwetu. Kule hawajakata, popo bado wako." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nimemzika baba yangu juzi. Nimelia huko mpaka nikamaliza. Sasa nataka kumlilia huyu. Ukinikataza, nitachimba mwenyewe."

"Yago ya hapa," Nyanya akaanza.

"Ya hapa haizai, mama."

Maneno ya sokoni yalikuwa yamekwisha, upande huu na upande ule. Shingo ya mama ilikuwa ikitetemeka chini ya mzigo. Kisha Nyanya akanyoosha mikono yote miwili, kama mtu anavyopokea mtoto kutoka mgongoni mwa mwenzake, na mama akainama, na tunda likapita kutoka kichwa hadi mikononi. Nyanya aliyumba kidogo kwa uzito. "Karibu, mwanangu," akasema kwa Kipadhola, na mama, ambaye tangu aolewe hakuwa amekubali kwamba anaelewa Kipadhola, alikaa chini na kuanza kulia.

Walizika kesho yake mchana. Tunda lilioshwa kwa maji ya vuguvugu. Nyanya aliliosha mwenyewe, pole pole, akilipitishia kiganja kutoka ncha hadi ncha. Wakalivisha koti lililorudi kutoka kisiwani, wakafunga vifungo. Katekisti alikuja akiwa amevaa shati la kawaida, akasema anaomba kwa ajili ya mtu, siyo kwa ajili ya tunda, na akaomba vizuri mpaka na yeye akapangusa macho.

Kabla hawajaliteremsha niliomba nilishike. Wanaume walitazamana, Nyanya akaitikia kwa kichwa. Wakaniwekea mapajani. Lilikuwa zito kama mdogo wangu angekuwa, kama ningekuwa na mdogo. Nililifungua koti kidogo shingoni nikatafuta. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimeamini baba yuko mahali, na kwamba siku nitakayoliona tunda hili nitamwona yeye ndani yake akifumba macho kwa sababu yangu. Nikaona ganda la kijivu, lenye vidoa, na alama mahali kamba ilipokatwa. Lilikuwa tunda. Hapakuwa na mtu ndani yake, na hapakuwa na mtu popote pengine. Baba alikuwa majini tangu siku ile ya upepo, na maua yangu yote yalikuwa chakula cha mbuzi. Nilianza kulia hapo, na walipolitoa tunda mapajani mwangu nilikuwa bado nalia. Wanawake waliniacha nilie. Mmoja alisema, "Sasa ndiyo amejua."

Yaliyofuata yalikwenda haraka, kama maji yaliyozibuliwa. Mama alinyolewa. Baba mdogo alipanda juu ya paa na nyasi mpya, na mvua ya kwanza ilipokuja tulilala pakavu. Lakini paa lile lilikuwa na maana yake. Wazee walirudi, wakasema kwa kuwa ndugu yao sasa amezikwa, nafasi yake iko wazi, na baba mdogo ataichukua pamoja na mwanamke aliyemo. Mama alikataa. Hakumtukana mtu. Alisema anarudi Dabani, kwa mama yake aliyebaki peke yake, akalime huko. Wakamwambia aende, hakuna atakayemshika, ila mtoto ni wa ukoo na mtoto anabaki.

Hivyo nikajua tena kufungwa kulivyo. Mama alingoja mpaka karanga zilipovunwa, pengine akitumaini watabadili neno lao. Hawakubadili. Katika majuma hayo miche ilikuwa imechomoza kwenye kaburi la baba, mingi, yenye majani ya kung'aa, kwa kuwa mbegu za yago hazijui kwamba zimezikwa. Baba mdogo alitaka kuipalilia, kaburi liwe safi. Nyanya akamnyang'anya jembe, akakata miiba ya mgunga, akaizungushia miche hiyo uzio mdogo ambao mbuzi waliuchungulia siku nzima.

Asubuhi ya kuondoka mama alinivalisha gauni la shule, akanifunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja, taratibu mno. Tulikuwa tumekwisha kusema yote siku zilizotangulia, na hayakuwa yamesaidia. Alimuaga Nyanya kwa kupiga magoti, akajitwisha mzigo wake, akaanza kuteremka kuelekea barabarani. Nilisimama mahali nilipoachwa. Baba mdogo alikuwa kando yangu, mkono wake begani mwangu, si kwa ubaya. Mama hakugeuka nyuma, na sasa nimekuwa mama najua kwa nini.

"Mama Achieng!"

Ilikuwa sauti ya Nyanya, ikimwita mama kwa jina langu. Mama akasimama.

"Mama Achieng, ngoja! Wewe nasahau mtoto!"

Alisema hivyo kana kwamba ni kikapu kilichoachwa mlangoni. Baba mdogo akageuka. "Mama, ukoo umeshasema," akamwambia kwa Kipadhola.

"Nimesikia ulichosema ukoo," Nyanya akamjibu. "Wewe nilikuzaa mimi, na ukoo huo nusu yake niliuzaa mimi. Mwondolee mkono."

Akautoa. Nilitazama juu nikauona uso wa Nyanya, ukiwa umekaza kama wa mtu anayechomoa mwiba wake mwenyewe. Aliweka kiganja mgongoni mwangu, juu ya vile vifungo, akanisukuma, na siyo kwa upole, kwa hiyo hatua mbili za kwanza zilikuwa za kujikwaa. Ya tatu na ya nne nilizipiga mwenyewe, kisha nikakimbia.

Nilipomfikia mama alikuwa ameutua mzigo chini na ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Ndipo nilipogeuka. Nilitaka kumpungia Nyanya mkono, nimpigie kelele ya shukrani, sijui. Lakini yeye alikuwa ameshatugeuzia mgongo, fimbo mkononi, anafukuza mbuzi kwenye uzio wa miche.